Hatua Nne kwa Tatu

Nyumba yangu ni hatua nne kwa tatu.
Ukipiga chafya ndani, kuku wa nje anashtuka.
Mlango niliununua Mahuta, walipobomoa darasa la zamani:
elfu kumi na tano, na bawaba zake,
na maandishi ya kisu juu ya kitasa: NANJOTA MWIZI.
Nimeupaka rangi mara mbili. Nanjota bado mwizi.

Miaka kumi na tisa nilipima korosho za watu
kwenye ghala la chama, kalamu sikioni,
gunia juu, gunia chini, andika.
Za baba hazikufika mizanini.
Mikorosho yake ilishageuka pori,
matawi yamefumana kama nywele za mgonjwa,
unga wa ubwiri umelala kwenye maua,
na kila Agosti moto wa wawinda panya
ukipita bila hodi.

Kaka yangu Chilumba akasema, tuuze.
Nikamwambia, uza upande wako.
Akauza, akanunua pikipiki.
Siisemi vibaya pikipiki ile;
ndiyo iliyonibebea mabati kumi.

Wakasema, Binti Nampunju kajijengea banda la kuku.
Mwalimu mmoja akauliza wageni watalala wapi.
Nikamjibu: kwao.

Tofali nilifyatua kwa udongo wa hapohapo,
na shimo lililobaki ndilo tangi langu,
mifuko mitatu ya saruji, mfuniko wa mbao,
bati zima likilimiminia kila tone la Januari.
Ninyi wa mabomba hamtanielewa.
Mama aliamka jogoo wa kwanza kushuka genge,
akarudi jua limewaka, na ndoo moja,
shingo imezama mabegani
kama msumari uliogongwa kupita kiasi.
Usiku wa mvua ya kwanza sikulala.
Nilikaa na tochi nikilisikiliza shimo likijaa,
nikamwita jina lake, wala si kwa kulia,
vile unavyomwita mtu aliye jikoni
aje aone kitu.

Nina sola ya ukubwa wa sinia.
Taa mbili, simu,
na redio ikijisikia.

Nilipoikata mikorosho usawa wa kiuno
shangazi Asumini alikaa matanga.
"Baba yako aliipanda, wewe unaichinja."
Visiki ishirini na kimoja. Vilipochipua
nikabebesha vikonyo, nikavifunga nailoni,
kumi na moja vikashika, vingine vikanikatalia
na sijui kwa nini.
Katikati nimetia mbaazi na kunde,
nyasi nazilaza chini zioze, sizichomi,
na pembezoni nimelima njia pana ya kuzuia moto
inayonidai mgongo wangu kila Juni.

Upande wa kusini umenishinda.
Maji yanapita juu yake kama juu ya sahani.
Nimechimba vishimo arobaini, nimevijaza majani makavu.
Mpaka sasa kimeota kitunguu kimoja
ambacho sikukipanda.

Juzi nilikuwa napogoa, mkono juu,
kitu kikaniunguza shingoni,
kingine kwapani, kingine pasiposemeka.
Maji moto!
Chungu wekundu wa utotoni,
waliohama zamani pamoja na vivuli,
wale ambao mbu wa mikorosho akiwaona
hakai hata kuomba maji.
Nikashuka nikijikuna, nikitukana, nikicheka,
Asumini akatoka mbio na mwiko akidhani nyoka.

Tukatazama juu, wawili sisi.
Wameshona majani saba kwa uzi mweupe,
nyumba isiyojaza viganja viwili,
haina hati, haina mkopo wa mtu,
na ukoo wote umo ndani.

Nikanyoosha mkono nipime upana wake,
ni mazoea tu ya ghalani.
Wakaniuma tena.